Ubavu wa Kwanza

Butiama, 9 Aprili 2024

Mdogo wangu Prosper,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mimi sijambo, ukiacha mgongo, na mgongo wangu unaujua, hauna habari mpya. Mvua imenyesha wiki tatu mfululizo. Kuni zote zimelowa, mahindi ya bondeni yamesimama vizuri, ya juu yamelala. Yule ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike. Justina, jirani yetu na mwenyekiti wa jumuiya, anakusalimu; binti yake wa mwisho ameolewa na sasa hana wa kugombana naye, kwa hiyo anakuja kugombana hapa. Jenipher na watoto hawajambo? Wasalimu sana.

Najua utashangaa kupata barua zama hizi. Nimekupigia simu tangu Pasaka, mara kumi na nne, nimehesabu. Inaita mpaka inachoka yenyewe. Barua huwezi kuikata katikati, ndiyo maana nimenunua daftari. Nampa Fredi, yule dereva wa Noah ya abiria anayepita Makutano, akufikishie hapo Kitaji, Musoma, kwenye jiko lako la nyama.

Shida yangu ni mbavu.

Baba amebakiwa na meno matatu, mawili juu na moja chini, na hayakutani. Tangu Februari hali chakula cha maana. Uji anaukataa, anasema uji ni wa mtoto na wa mwanamke aliyejifungua. Nimeponda ndizi, nimeponda viazi, nimechambua miiba ya sato mpaka macho yameniuma. Anaonja kijiko kimoja, anashukuru, anasukuma bakuli. Mkanda wake nimeutoboa tundu la tatu kwa msumari. Juzi nikamuuliza, "Baba, unataka nini hasa?" Akasema, "Mbavu." Na si za mbuzi, za ng'ombe.

Haya unayajua kuliko mimi. Kwetu mbavu ni za mwenye mji, mkuu wa boma, na tangu nizaliwe sijaona mtu akishika sahani ile kabla yake. Sasa anasema mwenye mji asiyeweza kula mbavu ameshakufa, kilichobaki ni kuzikwa, na haoni kwa nini marehemu anyweshwe uji. Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama mtu anayesema mvua imekatika, kisha akaomba blanketi.

Nimechemsha mbavu kutwa nzima. Alizishika, akazigeuzageuza mdomoni, akazirudisha. Watu wanaotoka Musoma wanasema zako zinaachia mfupa zenyewe, hata vikongwe wanakula. Basi nifundishe. Niandikie kila kitu kama unamwandikia mtu mjinga, sitanuna. Nisipopata njia nyingine, kabla ya mavuno tutakuwa na matanga hapa.

Sijamwambia kwamba nimekuandikia.

Dada yako,
Nyamburi

*

Musoma, 4 Mei 2024

Dada Nyamburi, shikamoo.

Barua yako imechelewa kunifikia, usinilaumu. Kazi ni nyingi. Watoto wanaendelea na shule. Huku nako ni mvua tu, mkaa unaokuja umelowa, unatoa moshi kuliko moto, na macho yangu yamekuwa mekundu kama ya mlevi. Pole na mgongo. Usinyanyue ndoo ikiwa imejaa, gawanya mara mbili.

Sasa mbavu. Kosa lako umeshalisema mwenyewe: umechemsha. Ng'ombe wetu hawa wanatembea kutwa kutafuta nyasi, nyama yao ni ya mkimbiaji. Ukiishambulia kwa moto inajikaza. Inataka muda.

Tafuta nusu pipa, kama lile la kunyweshea ndama bado lipo. Juu yake tandika wavu wa chuma. Washa mkaa mpaka uwe mwekundu na uvae majivu meupe, halafu usukume wote upande mmoja. Upande mmoja, dada. Nyama unaiweka upande wa pili, ambao chini yake hakuna moto. Hapo chini ya nyama weka bakuli la bati lenye maji ili mvuke uizuie isikauke. Funika kwa karai. Usipepee. Iache kwa muda wa saa tano. Mkaa ukipungua ongeza vipande vinne au vitano vilivyokwisha kushika moto pembeni. Na usifunue ovyo, kila ukifunua umejirudisha nyuma robo saa.

Chumvi ipake jana yake, pamoja na kitunguu saumu, tangawizi ya kutwanga na limau. Usiongeze kitu kingine. Baada ya saa tatu, nyama ikishapata rangi, ifunge kwenye majani ya mgomba uliyoyababua, uirudishe palepale mpaka saa zake ziishe. Ikikaribia, onja. Ukionja utajua mwenyewe.

Mengine sina. Salimia wote hapo.

Prosper

*

Butiama, 19 Mei 2024

Mdogo wangu, marahaba.

Umesema nisalimie wote hapo. Hapa tuko wawili na ng'ombe. Nimewafikishia ng'ombe.

Mvua imepungua. Ndama yule amepata kuhara, nikamchemshia majani, amepona. Jumapili ya Pentekoste hii Baba hakuweza kwenda kanisani, ameletewa ekaristi nyumbani, na hicho ndicho kitu pekee alichomeza leo bila kubembelezwa. Hukuniambia habari za Jenipher. Labda ulisahau.

Nimefanya ulivyosema, na nitakwambia ukweli wote, kwa sababu sina nguvu ya kuupamba. Pipa la ndama lipo. Wavu niliutoa kwenye dirisha la banda la kuku. Chumvi nilipaka jana yake. Ila nilipoitazama ile nyama asubuhi, roho haikutulia, nikaona tangawizi na limau ni vitu vya harufu tu, vitalainisha nini? Nikapaka magadi. Maharage yanalainika kwa magadi, kisamvu kinalainika kwa magadi, mimi nilijuaje kwamba nyama haitaki.

La pili ni moto. Nilisukuma mkaa upande mmoja kama ulivyoagiza. Akapita Justina. "Nyamburi, moto wako umelala huo." Nikamwambia umelazwa, si kwamba umelala. Akaona sijui ninachofanya, akashika mfuniko wa sufuria, akapepea. Baadaye akapita mwalimu mstaafu, akafunua karai. Wakapita wale kinamama wa kwaya, wakafunua karai, mmoja mmoja, kana kwamba ndani kuna mtoto mchanga anayepaswa kusalimiwa na kila mtu. Wewe wa mjini umesahau kwamba hapa mtu hawezi kupita kwenye chungu cha mwenzake asikifunue, ni kama kupita bila kubisha hodi. Ningewafukuza vipi?

Ilitoka nyeusi nje, utelezi ndani, na chungu. Nilimpelekea hivyohivyo. Alitafuna muda mrefu, akaitemea kiganjani taratibu ili nisione, akasema, "Asante mama, umejitahidi," akageukia ukutani. Ningefurahi zaidi kama angenitukana.

Na umeandika kwamba nionje. Prosper, umeishi mjini mpaka umesahau kwenu? Lini mwanamke wa mji huu ameonja mbavu? Sisi tunakula shingo na matumbo. Nina miaka hamsini na sita, nimezipika tangu nikiwa na kumi na mbili, na sijui zina ladha gani. Baba anaijua harufu ya kila kitu hapa. Nikionja atajua, na hataigusa sahani. Kwa hiyo nifundishe namna ya kujua bila mdomo.

Dada yako,
Nyamburi

*

Butiama, 12 Juni 2024

Prosper,

Sijapata jibu. Fredi anasema barua alifikisha, nikimuuliza alimpa nani anaangalia usukani. Sitaki kumlazimisha.

Jana Baba alianguka akienda chooni. Hakuvunjika, nilimwinua mwenyewe. Nilidhani sitaweza, kumbe amekuwa mwepesi hivyo. Hilo ndilo lililonitisha, si kuanguka. Nilimkalisha kitandani, nikaenda nyuma ya zizi nikalia, nikarudi nikapika.

Andika hata mistari miwili.

Nyamburi

*

Musoma, 6 Julai 2024

Dada, shikamoo, na pole sana.

Nimezipata barua mbili kwa pamoja. Usimbane Fredi, hana kosa. Jenipher hajambo. Huku upepo wa ziwani umeanza, ni vumbi na baridi ya asubuhi.

La magadi nilicheka peke yangu mpaka mwenzangu wa kazi akaniuliza kama nimepatwa na kitu. Halafu nilipofika pale alipotemea kiganjani sikucheka tena.

Sikiliza. Magadi acha kabisa. Upande wa ndani wa mbavu, ule wa mfupa, kuna utando mweupe mwembamba kama karatasi ya nailoni. Uchokonoe pembeni kwa ncha ya kisu, ushike kwa kitambaa, uvute wote. Huo ndio unaomshinda mtu asiye na meno. Nilipaswa kukwambia tangu mwanzo, lakini mimi nautoa kila siku hata siuoni tena.

Pili, kwenye bucha wanakukatia vipande kwa shoka, au siyo? Vipande vidogo vinakauka kabla havijalainika, na vijiti vya mifupa vinachoma ufizi. Mwambie Werema wa bucha akupe upande mzima, mbavu zote zikiwa zimeshikana, asiuguse kwa shoka. Ng'ang'ania hilo hata akikuuliza maswali.

Tatu, wageni. Weka jiwe juu ya karai. Jiwe zito. Anayetaka kusalimia nyama ainue jiwe kwanza.

Nne, kujua bila mdomo. Utaona nyama imejivuta, ncha za mifupa zimebaki wazi kama urefu wa kifundo cha kidole. Chomeka njiti ya mwanzi katikati ya mifupa miwili, ipite bila kusukumwa. Mwisho shika mfupa mmoja kwa kitambaa, uuzungushe kidogo. Ukigoma, funika. Ukizunguka kama ufunguo kwenye kufuli lililotiwa mafuta, toa. Na itoe ipumzike kidogo kabla hujampelekea.

Kuhusu kuja, ambako hujaniuliza lakini unaniuliza: nimechoka, dada. Kwenye matanga ya Mama nilikaa pale mkekani mbele ya ukoo wote, mimi mtoto wa kwanza wa kiume, nikisubiri ubavu wa kwanza kutoka mkononi mwa Baba kama kila mtoto wa kwanza wa mji ule alivyowahi kusubiri. Sahani ilipita mbele ya magoti yangu ikaenda kwa Stanislausi, mtoto wa baba mdogo. Na Baba akasema kwa sauti, "Huyu anauzaga nyama kwa kila mpita njia, atashiba huko." Nilikuwa nimemzika mama yangu siku hiyo. Miaka sita sasa, na bado nikiinama kwenye moto naiona ile sahani ikipita.

Nakufundisha kwa ajili yako. Yeye ale, lakini usiniambie alisema nini.

Prosper

*

Butiama, Jumapili 18 Agosti 2024

Mdogo wangu Prosper,

Natumaini hujambo. Mimi nimechoka, lakini leo ni uchovu wa namna nyingine. Mtama tumevuna, si mwingi. Ndama anakula majani. Kaa chini usome barua hii yote, usiiache katikati.

Nilichelewa kwa sababu ubavu mzima haupatikani kila siku. Nilimpelekea Werema majogoo mawili na ombi lako. Aliponisikia aliweka shoka chini. "Upande mzima, dada? Usiokatwa?" Nikamjibu kwa ukali, kama ulivyosema niwe, "Mzima, na usiniulize maswali." Akavua kofia. Nikaona ni adabu tu. Akaniambia nije Ijumaa jioni. Hakukataa, hakutania, na Werema kwa kawaida hunitania mpaka nakasirika. Hapo ningeshtuka, lakini akili yangu ilikuwa kwenye utando na mwanzi.

Prosper, wewe ulisahau, na mimi sikuwahi kujua. Ubavu usioguswa na shoka hutolewa bucha kwa ajili ya jambo moja tu katika ukoo huu: mwenye mji anakabidhi mji. Mara ya mwisho ilikuwa Babu alipomkabidhi Baba, mimi nikiwa na miaka kumi na moja, na siku hiyo nilikuwa mtoni nachota maji ya wageni. Wewe kila siku unashika mbavu nzima huko kwenye kazi yako, kwako ni nyama tu. Basi tumetangaza makabidhiano ya mji, mimi na wewe, bila kumwuliza mwenye mji.

Jumamosi jana asubuhi niliwasha mkaa, nikausukuma upande mmoja, nikaweka jiwe juu ya karai. Saa nne wakaanza kufika. Wazee wawili na fimbo. Kisha watatu. Kila mmoja amekuja na kiti chake. Hakuna aliyefunua karai, hata Justina. Alipita kwa mbali ameinamisha kichwa. Nikajiuliza kumbe jiwe lina nguvu hivi? Saa sita akafika Stanislausi amevaa koti, na nyuma yake wanawe wawili. Akatembea akiyatazama mapaa. Akasimama kwenye mlango wa chumba changu, akapima upana wake kwa mikono. Ndipo nikamwuliza Justina kuna nini, naye akaniambia.

Sijui nikueleze vipi nilivyojisikia. Tangu nirudi kutoka kwa mume wangu sina pengine pa kulala, na mtu aliyepewa ubavu wa kwanza kwenye matanga ya Mama alikuwa amekuja kuuchukua tena, safari hii pamoja na mji. Nami ndiye niliyeuweka motoni. Nilitaka kumwaga maji kwenye mkaa. Lakini nyama ilikuwa imebakiza saa moja na nusu, na Baba alikuwa hajala tangu Alhamisi. Nikaiacha.

Nikaingia ndani nimwambie ukweli. Nikamkuta amekaa, ameshawasikia. "Kumbe leo," akasema. Nikaanza kueleza, yeye akanyanyua mkono. "Nipe shati jeupe."

Mfupa ulizunguka kama ulivyosema. Kama ufunguo. Nilipouona ukizunguka nilikaa chini kwenye vumbi pale pembeni ya pipa, na majivu usoni, nikacheka peke yangu. Halafu nikaupumzisha, nikaupeleka mbele ya wazee kwenye sinia la Mama.

Wakampa kisu. Akaweka kisu pembeni. Alivuta mfupa wa kwanza kwa vidole viwili, ukatoka mtupu, nyama ikabaki kwenye sinia. Akautazama ule mfupa, halafu akala. Kwa ufizi, Prosper. Alikula ile nyama yote, akala ya mfupa wa tatu, watu wote wanamtazama na hakuna anayekohoa. Mafuta yakamtiririka mpaka kwenye shati, nisimfute, nikiogopa ataacha.

Kisha akachukua ubavu wa pili, aliokuwa ameuruka, wenye nyama nyingi, huo ndio unaoitwa ubavu wa kwanza, maana ndio wa kwanza kutolewa na mkono wake. Stanislausi akapiga goti, akanyoosha mikono yote miwili. Baba akauzungushia kitambaa cha meza cha Mama na kuuweka mapajani mwake.

"Mwenyewe hajafika," akasema.

"Mwenyewe nani?" Stanislausi akauliza. "Yule? Hata hilo jiko la Musoma hana tena, mzee, hamkuambiwa? Yuko Bunda pale stendi, anageuzaga nyama kwenye jiko la mwanamke."

Mimi nilikuwa sijui. Nilijua tu kwamba barua zako zinanuka mkaa tu, bila harufu ya ziwa, na kwamba Fredi anaangalia usukani. Wazee wote wakaangalia chini. Baba alitafuna kwanza, akameza.

"Mimi nilichungaga ng'ombe za watu miaka tisa," akasema. "Hakuna aliyenikimbiza kwetu kwa hilo. Haya, rudini makwenu, nyama imebaki, ila ni ya kesho yangu."

Wakaondoka na viti vyao.

Jioni akaniuliza nani amenifundisha. Nikamwonyesha barua zako. Uliniambia nisikwambie alisema nini, utanisamehe. Alitaka nizisome zote. Nikasoma mkaa, utando, jiwe, akatikisa kichwa. Nilipofika kwenye matanga nikataka kuruka, akajua. "Soma." Nikasoma. Akasema, "Rudia hapo kwenye magoti." Nikarudia.

"Ni kweli," akasema. "Niliipitisha. Na yeye ndiye alikuwa amebeba jeneza mbele."

Aliniambia nimtafute Fredi, nimpe ubavu ule ulivyo ndani ya kitambaa. Leo asubuhi amekunywa mchuzi, amekula tena nyama ya jana, ameuliza kama kuna uji. Uji, Prosper.

Fredi anaondoka saa hizi. Safari hii nimemwambia wazi kwamba ni Bunda.

Dada yako,
Nyamburi

*

Bunda, Jumanne 20 Agosti 2024

Dada Nyamburi, shikamoo. Mwambie Baba shikamoo.

Fredi amezima gari anasubiri, kwa hiyo naandika haraka, na nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa kama nilivyokaa siku zote nilipokuwa nikiandika "Musoma" juu ya karatasi.

Mwenye kiwanja cha Kitaji alikichukua mwaka jana kabla ya Krismasi. Jenipher na watoto wako kwa mama yake, Bukima. Nawaona mara moja kwa mwezi, na hatuongei sana. Mimi niko hapa kwa Kija, mama mmoja mwenye jiko karibu na stendi. Anajua kazi na hanidharau. Simu sikupokea kwa sababu ungesikia wapiga debe wakiita Bunda, Bunda, ungeniuliza, na mimi nilikuwa nimechoka kuulizwa. Nilikuwa nimemwonea hasira aliyesema nitashiba huko, na kumbe huku sikushiba. Ningerudije?

Ubavu nimeupokea. Niliufungua hapa mbele ya moto na wateja, nikakijua kitambaa kabla sijaona nyama. Nililia, Kija akachukua koleo mkononi mwangu akageuza nyama yeye.

Kwa macho ya kazi: umeutoa mapema, kama nusu saa. Karibu na mfupa bado una uzi. Usikasirike. Kwa mtu asiyeonja, hata mimi nisingeweza.

Sijaula. Ubavu wa kwanza hausafiri na Fredi, unapokelewa mkononi kwa mtu, na Baba anajua hivyo. Naona alitaka kujua kama bado nakumbuka. Nimeutundika juu ya moshi usiharibike. Jumamosi nakuja nao, na upande mwingine mzima, ambao Kija amenikatia kwa mkono wake. Sina kingine cha kuleta. Mkaa pia nitabeba, huo wako wa mvua siuamini.

Waite wale wazee na viti vyao. Stanislausi mwite wa kwanza, akae karibu. Baba atanipa ule wa moshi, nitaupokea kwa mikono miwili mbele yao wote, na nitautafuna hata ukiwa mgumu. Halafu sahani itakuwa mkononi mwangu, na mwenye sahani ndiye anayegawa. Wa pili nakupa wewe. Mbele yao, si jikoni. Umeubeba mji ule mgongoni miaka sita, na miezi mitano umepika kitu usichokijua ladha. Wanaotaka kununa wanune.

Kwa hiyo usikae kwenye pipa Jumamosi, nitakaa mimi. Wewe kaa mkekani, vaa vizuri, na asubuhi hiyo usile kitu.

Mdogo wako,
Prosper